Lebo Imefifia

Sura ya Tano

Inspekta aliitwa hospitalini kutafuta mwizi wa chupa moja, ndogo kama kidole gumba, na mpaka saa tatu na robo asubuhi hilo ndilo lilikuwa jambo pekee kwenye daftari lake.

"Chupa moja," alisema, amesimama katikati ya maabara, kofia kwapani. "Mmepiga simu kituoni mara nne kwa ajili ya chupa moja."

"Afande, usiipime kwa ukubwa wake," alijibu mkuu wa maabara. "Ile haipatikani duka la dawa. Imeagizwa nje, imekuja na barafu yake. Imeingia tarehe kumi na nane, tarehe ishirini haipo. Na aliyeichukua namjua kwa jina, kwa sura na kwa mwendo."

Wafanyakazi walimwita Bwana Kung'aa, ila si mbele yake. Viatu vilimetameta, meza ilimetameta, kalamu mfukoni zilipangwa kwa urefu. Kabla ya kuletwa kusimamia maabara alisimamia hoteli, na hilo hukuhitaji kuambiwa. Sakafu ungeweza kuilalia na nguo nyeupe. Ukutani, ndani ya fremu, palikuwa na tangazo lenye sahihi yake:

LEBO ZA CHUPA ZOTE ZIONEKANE. NI MARUFUKU KUFUNIKA CHUPA.

Pembeni ya tangazo ilisimama friji ndefu ya mlango wa kioo, ya aina ile inayowekewa soda madukani, taa yake ya mrija ikiwaka juu ya rafu ya kwanza. Chupa zilikaa kwa mistari, lebo mbele, kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha.

"Nimeileta mimi, tarehe nne mwezi uliopita," Bwana Kung'aa alisema. "Walikuwa na friji ya chuma, nyeusi, imechubuka, huoni kilichomo. Tarehe sita tulikuwa na wageni wa ukaguzi. Wamesimama hapo korido, wameona kila kitu bila kufungua mlango. Wamepiga na picha."

"Chupa iliyoibwa ni ya nini?"

"Kingamwili. Ya kupimia damu." Alimgeukia fundi wa mashine, mtu wa makamo aliyekuwa anafuta kiti ambacho tayari kilikuwa safi. "Mweleze afande."

Fundi wa mashine alikohoa. "Juu ya chembe nyeupe za damu kuna vitu vinaitwa vipokezi, afande. Ni kama masikio. Chembe isiyo na sikio haisikii ikiambiwa pigana, mtu anaugua kila siku. Sasa hii kingamwili inakwenda kushika sikio moja tu, lile lake. Mashine inahesabu. Kilima kwenye kioo kikisimama kulia, sikio lipo. Kikisimama kushoto, halipo."

"Na mwizi?"

"Fundi wetu wa zamani," Bwana Kung'aa aliwahi. "Wanamwita Mama Giza. Mwenyewe jiulize kwa nini. Kila chupa anaifunga karatasi ya aluminiamu, huoni jina, huoni tarehe. Anazima taa watu wako kazini. Mtu anayependa giza namna hiyo, afande, ana lake. Niliamuru karatasi zote zivuliwe kabla ya wageni. Tangu hapo akawa ananitafuta ubaya. Soma."

Alimkabidhi daftari la hitilafu, ukurasa umeshakunjwa tayari. Inspekta alisoma amesimama.

Tarehe 19, mwandiko mdogo ulioinama: *Lebo ya kingamwili ya kipokezi imefifia. Chupa hii isitumike tena. Naomba tufungue mpya.*

Chini yake, kwa wino mwekundu: *Chupa ya zamani iishe kwanza. Lebo irudiwe kwa makapeni.*

Tarehe 20, mwandiko ule mdogo, maneno matatu: *Si hiyo lebo.*

Na wino mwekundu: *Anabishana. Aje ofisini.*

"Umeona jeuri?" Bwana Kung'aa aliuliza. "Siku hiyohiyo chupa mpya ikapotea. Kesho yake nikamtoa getini."

"Hiyo ya zamani iko wapi?"

Fundi wa mashine aliitoa rafu ya juu, chini ya taa kabisa. Lebo yake ilikuwa imeandikwa juu kwa makapeni nyeusi, herufi kubwa. Inspekta aliigeuza, akaisogeza dirishani, akakwangua kidogo kwa ukucha. Chini ya wino wa makapeni, maandishi ya kiwanda yalikuwa meusi, makali, hayana hata nukta iliyopauka.

"Hii lebo haijafifia," alisema.

"Ndiyo ninayokuambia! Alidanganya ili afunguliwe mpya. Ana mnunuzi mahali."

Jambo hilo liliingia akilini vizuri. Inspekta aliandika: *Amedanganya kuhusu lebo. Kwa nini?* Akapiga mstari chini ya "kwa nini", akafunga daftari.

Hakufika hata ngazini. Mwanamke mmoja alisimama mbele yake, chanuo la mkia mrefu limechomekwa nyweleni, mikono inanuka mafuta ya kusukia.

"Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye. Nipishe, dada, niko kazini."

"Sikupishi. Chupa imeibwa mmekuja mbio. Mwanangu anachukuliwa mchana kweupe hamji. Nimefika kituoni kwenu mara mbili, nimeambiwa mambo ya daktari muulize daktari."

"Nani anamchukua?"

"Hao hao!" Msusi alinyoosha kidole kwenye mlango wa maabara. "Mwanangu ana miaka sita. Ana homa zinakuja zinaondoka, sikatai. Wakampima, wakasema chembe zake hazina sikio sijui gani, kazaliwa hivyo. Sasa leo saa kumi jioni wanamtundikia dawa ya kuua uboho wote mifupani, halafu wampandikizie wa kaka yake. Wote, afande! Unaelewa? Wanabomoa nyumba nzima na mtoto yumo ndani. Nikasema pimeni tena. Daktari kasema mashine haikosei. Baba yake kasaini. Kaambiwa saini hapa, kasaini, kama mtu anayepokea gunia la mkaa."

"Daktari anajua kazi yake."

"Anajua? Mwenyewe alituambia ugonjwa huu, tangu aanze udaktari, ameuona mara moja. Leo wodini wako watatu. Watatu, wiki mbili! Ni mapacha hao? Wamezaliwa na mama mmoja? Wa kitanda cha dirishani ameshatundikiwa, leo siku ya nane. Nywele zimeisha. Mimi msusi, nywele nazijua. Zake nimeziokota kwenye mto kwa mkono huu, sikuwa na la kumwambia mama yake."

Inspekta alifungua daftari tena. "Hao watatu walipimwa tarehe ngapi?"

Msusi alizijua kama mtu anavyojua siku za misiba. "Ishirini na mbili yule wa dirishani. Ishirini na tano wa pili. Wangu ishirini na nane."

Inspekta alizitazama tarehe, akatazama ya kufukuzwa kwa Mama Giza. Ishirini na moja. Alirudi maabara bila kubisha hodi.

"Wewe," alimwambia fundi wa mashine. "Tangu ukae kwenye hii mashine, umepima wangapi kwa hiyo chupa ya rafu ya juu?"

"Watatu, afande."

"Wangapi wana sikio?"

"Hakuna."

"Umewahi kumpima mtu mzima?"

"Wote ni watoto, afande."

"Siulizi umri! Nauliza mzima. Asiyeumwa. Mtu yeyote anayetembea kwa miguu yake. Umeona hata mara moja hicho kilima kikisimama kulia?"

Fundi wa mashine alimtazama mkuu wake. Mkuu wake alikuwa anaweka sawa kalamu mfukoni.

"Kipimo kisicho na jina la mgonjwa nilikizuia," Bwana Kung'aa alisema. "Kinamaliza chupa bure. Ni utaratibu."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu."

"Hii chupa isiguswe na mtu. Hii friji isiguswe. Nikirudi nikute hata lebo moja imegeuzwa, nitakufunga pingu na hizo kalamu zako."

Alipitia wodini. Daktari alisikiliza akiwa amesimama, jicho kwenye faili.

"Afande, una ushahidi?"

"Nina mashaka."

"Mashaka hayatibu. Kitanda kimeandaliwa, kaka mtu ameandaliwa. Nikichelewesha akapata maambukizi akafa, utasaini wewe? Saa kumi naanza."

"Fundi wako wa zamani hakukuambia chochote?"

"Alinifuata korido, lebo, lebo. Nikamwambia mambo ya lebo apeleke kwa mkuu wake." Akafunga faili. "Saa kumi, afande."

* * *

Mama Giza alikuwa uani kwake, amekaa juu ya kigoda, anasugua viatu vya shule kwenye karai. Alipomwona mwenye sare hakuinuka.

"Nimekuja kwa ajili ya chupa," Inspekta alisema.

"Umechelewa. Nimekungoja tangu tarehe ishirini na moja."

"Unakubali umeiba?"

"Nimeiba. Andika. Andika kwa herufi kubwa maana yule bwana hasomi ndogo." Alitupa brashi kwenye karai, maji yakaruka. "Imo ndani ya friji yangu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya nyanya. Haijafunguliwa. Sijaiweka kwenye barafu maana barafu nayo inaiua. Nimewaambia wanangu atakayegusa lile kopo atahama hii nyumba."

"Umeiba kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kesho yake ilikuwa ivuliwe nguo! Chupa mpya, karatasi yake nzuri kutoka kiwandani, yule bwana anataka ivuliwe ikae chini ya taa kila apitaye aone jina. Ningeiacha, zingekuwa mbili zilizokufa."

"Uliandika lebo imefifia. Nimeikwangua kwa ukucha wangu. Lebo ni nzima."

Mama Giza alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Na wewe! Na wewe umesoma vilevile kama yeye!"

"Umeandika lebo. Nisome nini?"

"Nilimwambia *si hiyo lebo*. Mtu mwenye akili angeuliza, ni ipi basi? Hata wewe hukuuliza, umekuja na pingu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Kaa. Sikiliza mara moja maana nimechoka kulisema. Kingamwili yenyewe haionekani. Hata ikishika sikio, utajuaje? Ndiyo maana kiwandani wanaifunga kitu kinachowaka, rangi inayong'aa mashine ikiimulika. Hiyo rangi ndiyo sisi tunaiita lebo. Lebo iko ndani ya maji ya chupa, afande. Ya karatasi ni jina tu."

Inspekta hakuandika. Kalamu ilikuwa hewani.

"Ni sawa na kumtuma mtu na tochi, nenda kagonge ile nyumba kule ng'ambo," Mama Giza aliendelea. "Ukiona mwanga mlangoni, unajua nyumba ipo. Sasa tochi ikifa njiani? Mtu amefika, ameshika komeo, nyumba ipo na watu wamo. Wewe uliye huku unaona giza, unasema kule hakuna nyumba."

"Na kinachoua tochi..."

"Mwanga. Hiyo rangi inaliwa na mwanga. Siku moja mbili ya taa inavumilia, si wiki mbili, usiku na mchana, rafu ya juu. Kwa nini naitwa Mama Giza? Wanadhani mimi mchawi? Nilizima taa nikiwa nazo mkononi, nilizifunga karatasi, nilizifungia kwenye lile friji la chuma. Akaja bwana wa mahoteli akasema zionekane!"

"Nani ataamini? Ni neno lako na lake."

Mama Giza aliingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki. Alizipanga karatasi juu ya saruji, moja baada ya nyingine, akizizuia kwa viatu vibichi vya shule. Kila karatasi ilikuwa na kilima kimoja na tarehe.

"Hii damu ni yangu. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa najitoboa mimi kwanza. Mimi nina sikio, najijua, kwa hiyo mashine lazima iseme ninalo. Tarehe tano, kilima hicho kulia. Tarehe nane. Kumi. Kumi na tatu. Unakiona kinavyotembea? Mkono ni uleule, damu ni ileile, kilima kinahama kwenda kushoto kama mtu anayehamishwa kwake usiku. Tarehe kumi na tisa, kwa mashine hiyo, mimi sina sikio. Mimi! Nimezaa wanne, sijalazwa hata kwa malaria."

Inspekta alizihesabu. Zilikuwa kumi na tatu, kila moja na saa yake.

"Baada yako wamepimwa watatu," alisema.

Mama Giza alikaa chini polepole. "Watatu wagonjwa?"

"Watoto. Wote wameambiwa hawana. Mmoja ameshatundikiwa dawa siku nane. Mwingine, binti wa miaka sita, leo saa kumi."

Hakulia. Alichukua kiatu kimoja akakirusha ukutani, kikaacha alama ya maji. "Niliandika isitumike! Niliandika kwa Kiswahili! Wangemwuliza hata mfagiaji!"

"Saa sita na nusu," Inspekta alisema, amesimama. "Lete kopo lako. Na uvae viatu. Uko chini ya ulinzi."

* * *

Kopo la maziwa lilisafiri ndani ya mfuko wa barafu, taulo katikati lisiguse ubaridi moja kwa moja, muhuri wa kituo juu ya kifuniko. Saa nane kasoro kumi Bwana Kung'aa aliziba mlango wa maabara kwa mwili wake.

"Huyu haingii. Nilimtoa getini kwa barua."

"Huyu ni mtuhumiwa wangu," Inspekta alisema. "Mtuhumiwa wangu nampeleka ninapotaka. Na wewe ndiye mlalamikaji, kwa hiyo unakaa hapo ushuhudie mali yako. Kunja shati."

"Nini?"

"Mkono wa kushoto. Kunja."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa usafi." Inspekta alikuwa ameshakunja wa kwake mpaka juu ya kiwiko. "Mimi kwanza, usije ukasema nimekuonea. Wewe fundi, toa damu. Utapima wewe, na huyu mama atasimama hapo aseme tu, mkono asitie. Kila hatua utaisema kwa sauti, nitaiandika."

Fundi wa mashine alitoa damu ya Inspekta. Alipomfikia mkuu wake alisita, sindano mkononi.

"Toboa," Bwana Kung'aa alisema kwa meno. "Na wewe nitakushughulikia."

"Utamshughulikia ukiwa wapi?" Mama Giza aliuliza. "Sema tujue mapema."

Damu ya kila mmoja iligawanywa kwenye vitubu viwili vya plastiki. Kimoja kilitiwa kingamwili ya chupa ya makapeni, iliyotoka chini ya taa. Cha pili kilitiwa ile ya kopo la maziwa, muhuri ukiwa umekatwa mbele ya wote. Kisha tone la binti wa msusi, lililoletwa na muuguzi kutoka wodini, nalo likagawanywa hivyo hivyo.

"Sasa giza," Mama Giza alisema. "Dakika thelathini zikae gizani zishikane."

Inspekta mwenyewe alizima taa ya chumba na kushusha mapazia. Ikabaki ile ya friji, inamulika viatu vya Bwana Kung'aa.

"Hiyo je?" fundi wa mashine aliuliza.

"Hiyo iache," Inspekta alisema. "Hiyo ni kielelezo." Akachukua koti lake la sare kitini, akafunika vitubu.

Walikaa hivyo nusu saa. Mlangoni, kwenye kile kioo walichochungulia wageni wa ukaguzi, msusi alisimama ameegemeza paji la uso. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza.

Kuosha, kuchanganya, kusubiri tena mashine ijisafishe. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano kitubu cha kwanza kilipowekwa.

"Damu ya afande, chupa ya friji," fundi wa mashine alisoma kwa sauti. Nukta zilianza kumwagika kwenye kioo, zikajikusanya, zikainuka kuwa kilima. Kushoto kabisa. "Kipokezi... hakipo."

"Soma ya mkuu wako."

"Damu ya mkuu, chupa ya friji." Kilima kingine, palepale. "Hakipo."

"Kwa hiyo mimi na wewe, bwana mkuu, tumezaliwa bila sikio," Inspekta alisema. "Mimi nina miaka arobaini na sita. Niite daktari atutundikie wote wawili? Vitanda viko?"

"Mashine inaweza ikawa..."

"Nyamaza. Endelea, fundi."

"Damu ya afande, chupa ya kopo." Nukta zilimwagika tena, na safari hii zilikwenda moja kwa moja kulia, zikasimama juu kama kichuguu. "Kipo."

"Ya mkuu."

"Kipo."

"Ya mtoto. Chupa ya friji kwanza."

"Hakipo."

"Sasa ya kopo."

Mama Giza alisogea mpaka bega lake likamgusa fundi wa mashine. Nukta chache, kisha nyingi. Mtu wa makamo, aliyefanya kazi hospitalini miaka kumi na tisa, aliweka kiganja mdomoni.

"Soma," Inspekta alisema.

"Kipo. Afande, kipo. Kimejaa."

Saa tisa na dakika arobaini na nane. Inspekta alizing'oa karatasi zote sita kwenye printa, akapita mlangoni, akamshika msusi mkono, wakapanda ngazi mbilimbili. Daktari alikuwa kitandani kwa binti. Mfuko wa dawa ulikuwa umeshaning'inia, mrija umeshajazwa, bado kuunganishwa tu. Binti alikuwa anachora jua kwa penseli ya bluu nyuma ya kadi ya joto.

Inspekta alizibwaga karatasi juu ya shuka. "Hii ni mimi. Huyu ni mkuu wako wa maabara. Huyu ndiye mgonjwa wako. Uliambiwa lebo, ukasema peleka kwa mkuu. Soma lebo sasa."

Daktari alisoma. Alirudia. Masikio yake yaligeuka rangi. Aliinua mkono mwenyewe, akafunga kibano cha mrija, akautungua mfuko na kumpa muuguzi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba nyoka.

"Homa zake tutatafuta zinatoka wapi," alisema mwishowe, bila kumtazama mama wa mtoto. "Upya. Tangu mwanzo."

Msusi hakumshukuru. Alichomoa chanuo nyweleni, akakaa kitandani, akaanza kumfumua binti yake msuko wa zamani, nywele moja moja, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mama, unaniumiza."

"Pole. Tulia." Akaendelea kufumua. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Na wa dirishani?"

Kitanda cha dirishani kilikuwa nyuma ya pazia la plastiki. Mwanamke mwenye barakoa alikuwa amekaa ndani, anampepea mtoto asiye na nywele kwa kadi yake ya kliniki. Wa pili, kitanda cha katikati, alikuwa ametundikiwa maji tu. Inspekta alimwuliza daktari kwa macho. Daktari aliinamisha kichwa.

"Uboho wake umeshakwisha," alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kurudisha nyuma. Wa ndugu yake tutaupandikiza keshokutwa, tuombe ushike. Alikuwa mzima, afande. Alikuwa mzima kabisa."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Nani atamwambia?" Msusi aliuliza, sasa kwa sauti, na wodi nzima ikageuka. "Mimi nimeziokota zile nywele. Nani atamwambia?"

Inspekta alishuka ngazi peke yake. Maabara, mapazia yalikuwa yameshapandishwa. Bwana Kung'aa alikuwa mbele ya friji, kipande cha pamba kimebandikwa kiwikoni, mkono umenyooka kwenye swichi ya taa.

"Ukizima hiyo taa nakuongezea shitaka," Inspekta alisema kutoka mlangoni.

Mkono ulishuka. "Afande, ni neno tu. Aliandika lebo. Lebo ni lebo. Mtu yeyote angeelewa hivyo."

"Aliandika na *isitumike*. Hilo nalo lina maana mbili? Aliandika *si hiyo lebo*. Ungemwuliza ni ipi, ungepoteza dakika moja. Ukamwita ofisini kwa sababu anabishana." Alichukua daftari la hitilafu, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo pamoja na chupa ya makapeni, akalitungua na tangazo ukutani, fremu na yote. Pale lilipokuwa, rangi ya ukuta ilikuwa nzito zaidi kuliko pembeni. Akamgeukia Mama Giza, aliyekuwa bado kando ya mashine. "Shitaka la wizi nitaliandikia maelezo. Wewe kaa na hiyo mashine, mpime yule wa pili sasa hivi."

"Na yangu?" Bwana Kung'aa aliuliza. "Maelezo yangu mimi unachukulia wapi? Kituoni?"

"Baadaye. Kwanza unapanda juu na mimi. Kuna mama amekaa nyuma ya pazia, kitanda cha dirishani."

Alielewa. Uso ulimshuka. "Hapana. Hiyo ni kazi ya daktari. Tunaweza kumwandikia barua nzuri, yenye heshima..."

"Kwa mdomo wako. Amekaa anampepea mtoto na kadi."

"Nitamwambia nini?" Kalamu zake mfukoni zilikuwa zimepinda, na hakuziweka sawa. "Afande, nianzie wapi?"

Inspekta alimshika juu ya kiwiko, palepale penye pamba, akamgeuza kuelekea ngazi.

"Anzia kwenye taa."